Safari ya Tanga na Ugomvi wa Poti 25

Tanga nilikuwa sijawahi kufika. Basi lilitoka Mbezi alfajiri, likapita Chalinze, na pale Segera likaiacha barabara ya Moshi na kukata kulia. Muheza wauza machungwa wakatuzonga madirishani. Nilinunua, ingawa akili ilikuwa kwenye seva ya barua pepe ya chuo kimoja mjini.

Mama msimamizi wa maabara alinisubiri mlangoni.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Barua zinatoka, haziingii. Na wanaotuandikia hawarudishiwi kitu."

Hilo la mwisho lilikuwa nusu ya tiba. Barua iliyokataliwa humrudia mwenyewe na taarifa. Hizi basi zilikuwa zimepokelewa, ila na asiyetarajiwa.

Seva ilikuwa ya Debian. Humo vifurushi vya Exim na Postfix havikai pamoja: ukisakinisha kimoja, apt hukiondoa kingine. Dpkg ilionyesha Postfix tu. Lakini Postfix yenyewe ilikuwa imezimika, na kumbukumbu zake zikieleza kwamba poti 25 tayari ina mwenyewe. Nikaandika ss -ltnp. Mwenyewe alikuwa Exim, makazi yake /usr/exim/bin.

Fundi wa zamani aliijenga Exim kutoka kwenye msimbo wake, na programu isiyopita mkononi mwa apt, apt haina habari nayo. Aliyemfuata akaizima, akasakinisha Postfix, ila hati inayoiwasha Exim akaiacha palepale. Mambo yakaenda vizuri hadi umeme ulipokatika. Uliporudi, Exim ikawahi poti. Chuoni wote waliulaumu umeme, na kwa kweli waliuonea.

Exim ilikuwa ikizirundika barua /var/mail, wakati Dovecot inasoma Maildir ya kila mtumiaji. Hakuna iliyokuwa imepotea.

Sikukimbilia kufuta. Niliiacha Exim imalize foleni yake, nikaizima, nikaondoa ile hati, kisha nikahakikisha /usr/sbin/sendmail ni ya Postfix. Jina hilo ni urithi wa Sendmail ya Eric Allman, na skripti nyingi bado huliita, yeyote awaye anayesafirisha barua. Postfix ikawaka. Kuzihamisha barua kutoka /var/mail kwenda Maildir ndiko kulikonilaza Tanga.

Nawe ukikabidhiwa seva ya barua iliyopitia mikono mingi, tafadhali uliza kwanza nani ameshika poti 25, ndipo uguse apt.