Mkono wa kutoa usimwaibishe anayepokea

Wahenga walituachia usemi kwamba mkono mtupu haulambwi. Ni kweli kabisa. Lakini hawakutueleza mkono uliojaa unyoshwe vipi ili anayeulamba asibaki na uchungu mdomoni. Hilo ndilo swali nililorudi nalo kutoka Japani, na leo ninakuomba tulichambue pamoja, wewe uliye mzazi, na wewe mwanafunzi unayeusoma ukurasa huu baada ya wakubwa kumaliza kurasa za siasa.

Mimi ni afisa wa ustawi wa jamii, kazi niliyoifanya hapa Nairobi kwa miaka kumi na tisa. Kazi yenyewe unaijua: watoto waliotelekezwa, akina mama wanaopigwa, wazee waliosahauliwa na wana wao wenyewe. Kuanzia katikati ya Oktoba hadi katikati ya Novemba mwaka 2024 nilikaa mjini Kobe, magharibi mwa Japani, pamoja na wageni wengine wachache walioalikwa kujionea jinsi wenyeji wanavyosaidiana. Nililala katika nyumba ya nyanya mmoja mjane wa miaka 74, na binti wa chuo kikuu akawa mkalimani wangu.

Kobe ina kidonda chake. Tarehe 17 Januari 1995, saa kumi na moja na dakika 46 alfajiri, ardhi ilitetemeka na mji ukaanguka. Watu zaidi ya 6,400 walifariki, wengi wao wakiwa wamefunikwa na mapaa ya nyumba zao. Katika mwaka huo watu zaidi ya milioni moja walimiminika huko kusaidia bila malipo, hata Wajapani wakauita 1995 mwaka wa kwanza wa kujitolea. Mwaka 1998 ilipitishwa sheria ya kurahisisha usajili wa mashirika ya watu wanaojitolea.

Mwenyeji wangu alikuwa miongoni mwa waliofukiwa. "Magari ya zimamoto hayangeweza kupita," alinieleza huku akinimiminia chai. "Nilitolewa na majirani. Walikuja moja kwa moja mahali nilipokuwa."

Nikamuuliza walijuaje pa kuchimba.

"Walijua ninalala chumba kipi," akajibu.

Hebu jiulize, msomaji. Jirani yako wa ghorofa ya pili anajua jina lako? Au mnajuana kwa kusikia mlango ukifungwa asubuhi na kufunguliwa usiku?

Kule kila mtaa una chama chake. Jalada lenye matangazo hupita nyumba hadi nyumba: siku ya kuzoa takataka, siku ya kufyeka nyasi, mkutano wa wazazi. Ukishasoma unaweka alama yako na kumpelekea anayefuata. Jumapili moja nilijiunga nao katika mazoezi ya kujikinga na majanga. Tulipanga mstari tukapokezana ndoo za maji, watoto wakafundishwa kupita katika moshi wakiwa wameinama, kisha tukala wali uliotiwa maji moto ndani ya mfuko wake. Mwalimu wa shule alishika ndoo, fundi wa magari alishika ndoo, na mimi mgeni nikashika ndoo. Hapakuwa na hotuba ndefu.

Nyanya huyo ana kazi nyingine ambayo kwetu sijaiona. Yeye ni mmoja wa wajumbe wa ustawi waitwao minsei-iin. Mpango huo ulichipuka katika mkoa wa Okayama mwaka 1917, na siku hizi wako zaidi ya 200,000 kote nchini. Huteuliwa na waziri kwa muda wa miaka mitatu, hawalipwi mshahara, na sheria inawataka kutunza siri za watu wanaowatembelea. Sisi tuna Nyumba Kumi tangu mwaka 2013, lakini hiyo ilianzishwa hasa kwa ajili ya usalama, kumtambua mgeni asiyeeleweka. Hawa kazi yao ni kumtambua jirani anayeumia kimya kimya.

Nilimfuata katika ziara zake. Kulikuwa na mzee mmoja aliyekataa kabisa kufungua mlango. Nyanya hakubisha kwa nguvu wala hakumwita kwa sauti ya kuwaamsha majirani. Alitundika mfuko wa matunda kwenye kitasa, akaenda zake. Kesho yake tulipita tena, mfuko haupo. "Yuko hai, na amekula," akasema, akaandika katika daftari lake. Aliendelea hivyo mara tatu. Mara ya nne mzee alifungua mlango kiasi cha upana wa kiganja, akasema matunda ya juzi yalikuwa mabichi. Nyanya alicheka njia nzima.

Usidhani, msomaji, kwamba ninakuletea habari za peponi. Nchi hiyo ina upweke wa kutisha. Kwa takwimu za polisi wao, mwaka 2024 watu takriban 76,000 waliokuwa wakiishi peke yao walifia majumbani mwao, na zaidi ya robo tatu walikuwa na umri wa miaka 65 na kuendelea. Wajumbe wenyewe wanazeeka, na vijana wa kuwarithi ni haba. Kobe ilijifunza kwa machozi, na hata sasa haijahitimu.

Sasa nije kwenye utoaji. Kila mwaka kuanzia tarehe mosi Oktoba, Wajapani huwa na mchango wa unyoya mwekundu, ulioanza mwaka 1947 nchi ilipokuwa magofu ya vita. Wanafunzi husimama nje ya vituo vya magari ya moshi wakiwa na visanduku. Ukitia kitu unapewa unyoya mdogo wa kuku uliotiwa rangi nyekundu, unaubandika kifuani. Atiaye sarafu moja na atiaye noti nene hupata unyoya ule ule. Nilikumbuka harambee zetu, ambako bahasha hufunguliwa mbele ya kipaza sauti, mwenye laki akapigiwa vigelegele na mwenye shilingi hamsini akatamani ardhi immeze. Harambee imetujengea shule na kuwalipia wagonjwa wetu, na siwezi kuidharau. Lakini ule unyoya ulinifikirisha.

Kilichonigusa zaidi ni mkahawa wa watoto. Mwaka 2012 mwanamke mmoja mwenye duka la mboga katika wilaya ya Ota, jijini Tokyo, alisikia habari za mtoto ambaye nje ya chakula cha shuleni alikuwa akishindia ndizi. Akafungua mahali ambapo mtoto angeweza kuingia peke yake apate chakula cha moto. Wengine wakaiga, na kufikia mwaka 2024 mikahawa hiyo ilikuwa zaidi ya 10,000. Watu wengi hawaamini kwamba Japani ina njaa. Kwa takwimu za serikali yao za mwaka 2021, mtoto mmoja kati ya tisa anaishi katika umaskini wa nchi hiyo, na katika nyumba zenye mzazi mmoja ni karibu nusu. Wengi wa akina mama hao wanafanya kazi, ila ni vibarua vya saa chache na malipo kiduchu.

Mkahawa nilioutembelea hufunguliwa mara mbili kwa mwezi. Nilimenya viazi, nikaosha vyombo, nikapakua mchuzi. Mtoto hula bure, mtu mzima hulipa yeni 300. Nikasubiri nione daftari la majina, barua ya kuthibitisha umaskini au swali la mshahara wa baba. Wapi! Aliyetaka kula aliingia. Mtoto wa daktari alikaa karibu na mtoto wa mfagiaji, na mwanafunzi wa chuo akawasaidia wote kufanya hesabu. Nilimuuliza mwanamke aliyeongoza jikoni watajuaje mwenye shida hasa.

"Tukimtenga ili tumjue, hatarudi," akaniambia. "Wote wakila, naye atakula."

Msomaji, niliweka upawa chini nikatoka nje kidogo. Nilipokuwa darasa la tano, nilipewa viatu vya msaada. Tuliitwa watoto saba mbele ya gwaride, tukavuliwa vyetu vilivyochanika ili wageni wavione, tukavishwa vipya huku shule nzima ikipiga makofi. Viatu vilinitosha na vilidumu miaka miwili. Lakini kwa miaka hiyo miwili jina langu shuleni lilikuwa Kiatu. Waliotoa walikuwa watu wema, na mama yangu aliwaombea dua. Ila tangu siku ile nimejua kuwa mtu anaweza kushiba na kuumia kwa tonge lile lile.

Mboga na mchele wa mkahawa ule hutoka kwa wakulima na wenye maduka, vitu vizuri ambavyo vingetupwa. Mwaka 2022 Japani ilitupa takriban tani milioni 4.7 za chakula ambacho bado kingelika. Walipojua ninatoka Kenya, wanawake wa jikoni walitaja jina moja kwa pamoja: Wangari Maathai! Alipozuru Japani Februari 2005, Profesa Maathai alilipenda neno lao mottainai, lenye maana ya kusikitikia kitu kinachopotezwa bure, akaenda nalo hadi Umoja wa Mataifa. Nilifurahi kuona kwamba mwenzetu alikwenda ugenini akawakumbusha wenyeji thamani ya neno lao wenyewe.

Wiki za mwisho nilikuwa na wanawake wanaotetea haki. Tarehe 12 Novemba ilianza kampeni ya utepe wa zambarau dhidi ya ukatili kwa wanawake, ambayo huendelea hadi tarehe 25 kila mwaka. Uchunguzi wa serikali ulionyesha kuwa karibu mwanamke mmoja kati ya wanne waliowahi kuolewa amewahi kutendewa ukatili na mumewe. Tulibandika tepe na kugawa vijikaratasi. Kadi zenye nambari ya simu ya msaada tuliziweka katika vyoo vya wanawake. Kisa na maana? Anayepigwa nyumbani aichukue bila kuonekana, aifiche ndani ya kiatu.

Huko nilikutana na daktari ambaye kwa wagonjwa wake ana jina moja na benki ana jingine. Sheria ya Japani inataka mke na mume wawe na jina moja la ukoo, na karibu asilimia 95 ya wanaoacha lao ni wanawake. Mahakama ya Juu iliikubali sheria hiyo mwaka 2015 na tena 2021. Nikiwa huko, mwishoni mwa Oktoba 2024, kamati ya Umoja wa Mataifa inayoshughulikia haki za wanawake iliitaka Japani kwa mara ya nne iibadilishe. "Silikatai jina la mume wangu," daktari alisema. "Ninakataa kulazimishwa." Kwetu sheria haimshurutishi mke hivyo, na sikuwahi kuiona hiyo kuwa ni neema. Wanawake hao hawakati tamaa. Wanakumbuka kwamba mama zao walipiga kura ya kwanza mnamo Aprili 1946, na siku hiyo wanawake 39 wakaingia bungeni.

Nilirudi nyumbani Novemba, wakati chama chetu cha akina mama mtaani kikijiandaa kugawa chakula cha Krismasi. Desturi yetu ilikuwa kuwapanga wajane kwenye foleni, kuwaita majina na kupiga picha. Nilisimama nikapendekeza tuache foleni, tuache picha, tupike mlo mmoja wa watoto wote wa mtaa, kila nyumba ilete inachoweza, na vyakula vya wajane vipelekwe jioni bila kelele. Mabishano yalikuwa makali. "Dadangu, bila picha mfadhili atajuaje pesa zake zimekwenda wapi?" aliuliza mwekahazina wetu, na swali lake lilikuwa la haki. Tukakubaliana tuwe na hesabu zilizoandikwa na risiti za kila senti. Hata hivyo mfadhili mmoja alijitoa, akaondoka na magunia yake sita ya unga. Ilitubidi tuchange upya, na wajane walipata kilo nne badala ya kumi.

Je, ilifaa? Kilo sita ni chakula cha siku kadhaa, na mwenye njaa hali heshima. Swali hilo bado linaninyima usingizi, nami sitakudanganya kuwa nina jibu la kumridhisha kila mtu. Ninachojua ni kwamba mjane mmoja, ambaye kwa miaka mitatu alikataa kabisa kuja kwenye foleni yetu, jioni ile alitufungulia mlango. Alipokea, akatukaribisha chai, kisha akauliza kama siku ya kupika tungehitaji mtu wa kumenya viazi.

Basi, msomaji, kabla ya kufunga ukurasa huu, mfikirie mtu mmoja wa karibu nawe anayehitaji msaada na hausemi. Pengine ni mwanafunzi mwenzako ambaye kila saa saba hupotea uwanjani wenzake wakila. Mpelekee ulicho nacho, na umpelekee wakati ambao hakuna anayewatazama.