Msumeno wa Mjomba

Yako makosa ambayo mtu huyatenda kwa kutojua, na yako mengine ambayo huyatenda kwa kudhani kuwa anajua. Haya ya pili huuma zaidi, maana mlango wa kuuliza ulikuwa wazi, naye akaupita bila kubisha. Kosa nitakalolieleza hapa ni la namna hiyo ya pili.

Mjomba wangu ni mpasuaji mbao karibu na Eldoret, mji ulio juu ya usawa wa bahari kwa mita 2,100 hivi. Kwa miaka mingi amekula, amevaa na kusomesha watoto kwa msumeno mmoja wa injini, wa aina ile ndogo ibebwayo mkononi. Mimi ni mwalimu wa fizikia. Likizo moja ya Desemba, shemeji yangu akaaye Kilifi alihitaji kukatiwa miembe miwili iliyoangushwa na upepo uani kwake, nami nikamwomba mjomba aniazime msumeno. Alinyamaza kidogo, kisha akanikabidhi pamoja na bisibisi ndogo.

"Mpwa wangu," alisema, "huu nimeurekebisha kwa hewa ya huku. Ukifika kule, usikilize upya kabla ya kukata."

"Ndiyo, Mjomba," nikaitikia, kama aitikiavyo mwanafunzi ambaye macho yake yako dirishani.

Hapana budi nieleze kwanza jinsi injini hii ifanyavyo kazi. Gari lina oili yake ndani ya injini, mbali na petroli. Injini ndogo ya msumeno haina hazina hiyo. Oili yake huchanganywa na petroli yenyewe. Kwa msumeno wa mjomba, mililita 100 za oili kwa lita 5 za petroli. Basi petroli hiyo ni chakula chake na pia ni mafuta ya kulainisha viungo vyake. Ukiinyima petroli, umeinyima na oili.

Kazi ya kugawa petroli hiyo ni ya kabureta. Hewa hupita katika koo jembamba kwa kasi, kanieneo yake ikapungua, na petroli ikavutwa kupitia matundu madogo ili ichanganyike nayo. Kanuni hii ilielezwa na Daniel Bernoulli mwaka 1738, nami nimeiandika ubaoni mara nyingi. Kando ya kabureta ya mjomba zipo skrubu tatu. Ya L hupima petroli injini iendapo polepole. Ya H hupima petroli iendapo kwa kasi. Ya T huamua mwendo wa injini inapopumzika. Ukikaza L au H, petroli hupungua, ukilegeza, huongezeka.

Sasa, hewa ya Eldoret ni nyepesi kuliko ya pwani. Uzito wake ni kama sehemu nne katika tano tu. Skrubu zilizowekwa kwa hewa ile nyepesi hutoa petroli kidogo mno kwa hewa nzito ya Kilifi. Ningeulizwa jambo hili katika mtihani, ningejibu bila kusita. Lakini sikuulizwa, wala sikujiuliza.

Nilipouwasha msumeno kwa shemeji, ulilia kwa sauti nyembamba, kali na safi, nami nikafurahi. Nilimwambia shemeji kwamba hewa ya bahari imeupa nguvu mpya. Mwembe wa kwanza tuliumaliza kabla ya adhuhuri. Katikati ya wa pili sauti ilididimia ghafula, injini ikazima. Nilipovuta kamba ya kuwashia, haikusogea. Nilifungua sailensa nikachungulia ndani: ubavu wa pistoni ulikuwa umechubuka kwa mikwaruzo mirefu, nayo imeng'ang'ania silinda. Injini ilikuwa imeungua kwa kukosa mafuta.

Safari ya kurudi bara ilikuwa ndefu. Mjomba hakunifokea. Aliniuliza neno moja tu: "Ulilia sauti gani?" Nikaiiga. Akatikisa kichwa, akasema, "Kile kilikuwa kilio, wewe ukadhani ni wimbo."

Nililipia pistoni na silinda mpya kutoka katika mshahara wangu, lakini siku zilizopotea sikuweza kuzilipa. Mjomba alikaa bila kazi hadi vipuri vilipopatikana, na mwanawe mdogo akachelewa kurudi shuleni Januari kwa siku tisa, kwa kuwa karo haikutimia. Mimi ni mwalimu. Najua siku tisa ni nini.

Vipuri vilipofungwa, mjomba aliniita. Tulisafisha chujio la hewa, tukatia petroli mpya, tukauweka msumeno chini mahali tambarare, mnyororo usiguse kitu wala mtu asisimame mbele yake. Tuliuacha upate moto kwa dakika chache. Alinipa bisibisi, akafumba macho.

"Kaza L polepole," alisema. Injini iliongeza mwendo, kisha ikaanza kuyumba. "Umepita. Legeza mpaka iende mbio kuliko pote, halafu ongeza kidogo." Nilipobonyeza kidude cha mwendo, injini ilisita. "Ina njaa, legeza tena." Safari hii iliitika mara moja. Kisha nikageuza T mpaka mnyororo ukatulia kimya ilhali injini ingali hai.

Ikabaki H. Nilibonyeza mpaka mwisho kwa muda mfupi, na ile sauti safi ya Kilifi ikasikika. Nilitetemeka. "Hapo, Mjomba?" niliuliza. "Hapo ndipo ulipouua," alijibu. Nililegeza kidogo kidogo mpaka sauti ikawa na mkwaruzo, kama mtu mwenye kigugumizi. "Sasa kata." Meno yalipoingia gogoni, kigugumizi kikatoweka, injini ikavuta sawasawa. Mjomba akafumbua macho. Kigugumizi kile, alisema, ni petroli ya akiba. Mzigo ukija, injini huitumia.

Vijana msomao habari hii, wengi wenu mnajua mambo ambayo wazazi wenu hawakuyasoma, na hilo ni jema. Lakini mjomba, ambaye hajapata kusikia jina la Bernoulli, aliyajua matumizi ya kanuni yake kwa masikio, nami niliyeijua kwa chaki niliharibu chombo kilichomlisha. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Katika habari hii, guu lililovunjika halikuwa langu.

Siku hizi nikifundisha somo lile huanza kwa habari ya msumeno, na kanuni huja baadaye. Na mwaka uliofuata, nilipomwaga mjomba nikielekea Kilifi tena, aliniuliza kama nauhitaji msumeno. Nilisema ndiyo. Alinipa bisibisi kwanza.