Niliona Pedeli, Nikanyamaza

Mwaka 2018 niliwashauri watu kumi na wanane wauze gari zima, wanunue gari bovu. Walinisikiliza kwa sababu mimi ni fundi wa magari ya dizeli hapa Nakapanya kwa zaidi ya miaka ishirini, na kwenye mambo ya injini neno langu lilikuwa halirudishwi. Habari hii nimewahi kuieleza vipande vipande kwa watu mbalimbali, kila mmoja nikimpa kipande kisichonichoma. Leo naisema yote.

Asiyeijua Nakapanya aijue hivi: iko wilaya ya Tunduru, mkoani Ruvuma, kwenye njia itokayo Songea kwenda Masasi. Lami tuliyonayo, kilomita 66.5 kwenda Tunduru mjini na 70.5 kwenda Mangaka, ni ya juzi tu. Kabla yake, wakati wa mvua mtu aliondoka nyumbani hajui atalala wapi. Na hata leo korosho hazioti kando ya lami. Ziko ndani huko, kwenye mchanga na makorongo, ambako lori haliingii. Pikapu ya dizeli ndiyo inayotoa magunia shambani mpaka ghalani, ndiyo inayombeba mgonjwa usiku, ndiyo inayorudisha maiti kwao. Likifa gari moja, vitongoji vitatu vinatembea kwa miguu.

Watu wale kumi na wanane ni kikundi cha wakulima, nacho kilikuwa na Land Cruiser pikapu, ile ya 79, yenye injini ya 1HZ. Injini hii ilianza kutengenezwa mwaka 1990: silinda sita kwenye mstari mmoja, sisi 4,164, haina tabo wala kompyuta ya kuigawia mafuta. Pampu yake inazungushwa na injini yenyewe, na nozeli zake hufunguka kwa shinikizo la baa mia na hamsini hivi. Haina mbio. Ikipanda kilima na tani moja mgongoni inalalamika mpaka unaionea huruma. Lakini ukiipa dizeli iliyochujwa, oili kwa wakati, maji safi kwenye rejeta, na ukabadilisha belti ya taiming kila taa yake inapowaka baada ya kilomita 100,000, injini hiyo itakuzika.

Haya yote nilikuwa nayajua. Ndiyo maana nasema sikukosea kwa ujinga.

Nina daftari la gereji, lile kubwa la jalada gumu. Kila gari linaloingia naandika tarehe, kilomita zinazosomeka, na kazi iliyofanyika. Kikundi kiliponiita kuniuliza kama kitengeneze gari lake au kiliuze, nililifungua daftari nikahesabu. Land Cruiser lilikuwa limekuja kwangu mara thelathini na moja ndani ya miaka mitatu. Pikapu za kisasa za watu wengine zilikuwa zimekuja mara nne, mara tano. Dashibodi ya Land Cruiser ilisoma kilomita 412,000, na safari hiyo lilikuwa linadai klachi, belti, na beringi za mbele.

Msimu wa 2017/2018 ulikuwa wa neema, bei ya korosho kwenye minada ya kusini ilivuka shilingi 4,000 kwa kilo. Fedha ilikuwapo. Tulikaa chini ya mkorosho nyumbani kwa mwenyekiti, nikasimama na daftari mkononi kama hakimu. Nikasema gari hili limekula umri, mara thelathini na moja gereji, hamuoni? Uzeni kabla halijawafia mikononi. Mama mmoja aliyekuwa mweka hazina akaniuliza, "Lakini fundi, injini yake umewahi kuifungua?" Nikamjibu kwamba siku ya kuifungua ndiyo inayokuja. Watu wakatikisa vichwa, wakakubali. Land Cruiser likanunuliwa na mfanyabiashara wa Mangaka kwa bei ambayo sote tuliiona nzuri.

Mimi na mwenyekiti tukapanda basi kwenda Dar es Salaam. Tulizunguka siku mbili kwenye yadi za magari, na fedha mzee amezifunga kiunoni chini ya kanzu. Siku ya pili mchana tukaonyeshwa pikapu ya dizeli nyeupe, milango minne, tabo, mfumo wa kisasa wa komoni reli, rangi inang'aa, dashibodi inasoma 88,000. Jina la kampuni iliyoitengeneza siliandiki, maana waliotengeneza gari lile hawana kesi katika habari hii.

Niliweka kiganja kwenye boneti. Ilikuwa ya moto. Fundi yeyote anajua kwamba dizeli iliyochoka huonekana asubuhi, ikiwa baridi, kwa namna inavyowaka na kwa moshi inaoutoa. Mtu aliyeipasha moto kabla hujafika anaweza kuwa ameitembeza tu, na anaweza kuwa anakuficha kitu. Ilinipasa kusema tutarudi kesho alfajiri, injini isiguswe. Sikusema. Nikachomoa kijiti cha oili, nikakuta oili safi ya rangi ya asali, nikafurahi, wakati oili iliyomwagwa jana haikuambii lolote kuhusu miaka iliyopita.

Kisha nikafungua mlango wa dereva nikainama. Raba ya pedeli ya klachi ilikuwa imelika upande mmoja mpaka chuma kinaonekana, kinang'aa kama sarafu. Usukani ulikuwa umelainika pale mikono inapokaa, nakshi zote zimefutika. Kilomita 88,000 haziwezi kula raba namna ile. Gari lile lilikuwa limekwenda mara tatu ya hapo, pengine zaidi, na kilomita zake zimerudishwa nyuma. Nililijua hilo pale pale, nikiwa nimeinama, vidole viko kwenye chuma.

Mwenyekiti akaniuliza, "Vipi fundi?"

Nikainuka. Nilikuwa nimeshawaahidi watu kwamba narudi na gari. Nilikuwa nimeshasema mbele ya mkutano kwamba mimi sidanganyiki na magari ya yadi. Kurudi mikono mitupu kungekuwa kukiri kwamba ule ushauri wa kuuza ulikuwa wa haraka. Nikauma ulimi. Nikamwambia, "Mzee, hili ndilo."

Maneno hayo ndiyo ninayoyaungama. Mengine yaliyofuata yametoka humo.

Tulirudi kwa raha. Zaidi ya kilomita 700, Daraja la Mkapa, Nangurukuru, Mingoyo, Masasi, halikudondosha tone. Mwenyekiti alikuwa akinisifu njia nzima, na kila sifa ilikuwa inanikaa kooni. Tulipoingia Nakapanya watoto walilikimbilia. Miezi ikapita, gari halikuja gereji. Kwenye daftari ukurasa wake ukabaki mweupe, na mimi kila nikiuona nilijituliza kwamba labda nilikosea kuhusu ile pedeli. Dereva alinipigia mara mbili, "Fundi, tulilete tumwage oili?" Nikamwambia hilo bado bichi, liacheni lifanye kazi. Nilikuwa nakwepa kulifungua, naogopa nitakachokikuta.

Wasomaji wenye magari ya aina hii wanielewe vizuri hapa. Injini za komoni reli zina nguvu kuliko 1HZ na zinakula mafuta kidogo. Zikitunzwa zinaishi. Ila hazisamehe. Dizeli inasukumwa kwa shinikizo la zaidi ya baa 1,600, kupitia nozeli ambazo nafasi zake hazionekani kwa macho. Tone la maji kutoka kwenye dumu la mafuta, ambalo pampu ya zamani ingelitapika tu kwa kukohoa, huku linaharibu nozeli. Na chini ya kila nozeli pana washa ndogo ya shaba inayoziba moto wa silinda usipande juu. Washa hiyo ikichoka, hewa chafu ya mwako inapenya, inaingia kwenye oili, na masizi yanaigeuza oili kuwa lami. Lami hiyo inashuka kwenye sampo, lile bakuli la oili chini ya injini, na kuziba chujio ambalo pampu ya oili inavutia. Yote haya hutokea kimya. Gari linavuta vizuri, AC inapuliza, redio inaimba.

Novemba 2018, saa kumi na moja jioni, dereva alinipigia kutoka mashambani. Alikuwa na magunia kumi na sita ya korosho nyuma, yaani zaidi ya tani moja. "Fundi, taa nyekundu ya oili inawaka nikisimama. Nikikanyaga mafuta inazimika." Taa hiyo ina tafsiri moja tu: zima injini, usiiguse tena. Mwanafunzi wangu wa mwezi wa kwanza analijua hilo. Nikamwambia, "Endesha pole pole, uje." Nilitaka lifike kwangu usiku, nilishughulikie peke yangu, pasiwe na mtu wa kuuliza.

Halikufika. Lilinoki kwenye mchanga, kilomita tisa kutoka hapa. Usiku ule mvua ya kwanza ya msimu ikanyesha, na magunia yale kumi na sita yakalala nje chini ya turubai bovu. Korosho zilipoanikwa na kupangwa madaraja, nyingi hazikupita la kwanza. Zilikuwa za kaya nne.

Nilifungua sampo siku ya pili, mwenyekiti amesimama pembeni. Chujio nililikuta limefunikwa na kitu cheusi kigumu kama masizi ya sufuria iliyoungulia. Nilikwangua kwa bisibisi. Beringi za krenki zilikuwa zimesagika, zimebadilika rangi kuwa ya zambarau kwa joto. Mzee alitazama muda mrefu, halafu akasema, bila kupandisha sauti: "Fundi, sisi hatujui injini. Tulikujua wewe."

Ulikuwa mwezi ule Serikali ilipotangaza kununua korosho zote kwa shilingi 3,300 kwa kilo, na wakulima wote wa kusini tulikuwa tunasubiri uhakiki na malipo. Hakuna aliyekuwa na fedha ya injini nyingine. Pikapu ile ilisukumwa mpaka nyuma ya nyumba ya mwenyekiti, chini ya mwembe, na iko hapo mpaka leo.

Baadaye nililisoma upya lile daftari, safari hii mstari kwa mstari. Zile mara thelathini na moja za Land Cruiser: oili na filta, mara kumi na tisa. Bushi. Brashi za stata. Springi iliyokatika jani moja. Belti ya feni. Kuondoa maji kwenye filta ya dizeli. Hakuna hata mstari mmoja wenye silinda hedi, pistoni wala ringi. Gari lile lilikuwa linakuja kwangu kwa sababu wenyewe walikuwa wanalitunza, na mimi nikauhesabu utunzaji wao kuwa ugonjwa. Na pikapu zile zilizokuja mara nne? Mbili zilikuwa zimekufa, ndiyo sababu hazikuja tena. Nilizihesabu katika magari imara. Hata vijiweni tunahukumu hivyo hivyo: tunasifu aina ya gari kwa zile zinazopita barabarani, na zilizolala nyuma ya nyumba za watu hatuzioni, maana gari lililokufa halipiti.

Mwaka jana niliomba mkutano, chini ya mkorosho ule ule. Nikawaeleza habari ya pedeli. Mweka hazina alilia. Mzee mmoja aliondoka kabla sijamaliza, na mpaka sasa nikimwamkia anaitikia kwa mkono tu. Tulikubaliana kwamba kazi yangu kwa gari lolote la kikundi, watakapopata jingine, haitalipiwa maisha yangu yote, na kila msimu nawatolea kiasi cha korosho zangu. Ni kidogo mbele ya walichopoteza.

Anayetaka nimkagulie gari sasa namwambia mambo haya wazi kabla hatujaondoka: tutafika alfajiri, injini ikiwa baridi. Nitafungua kifuniko cha oili ikiwa inaunguruma nione kama inapumua moshi. Tutalipandisha kilima likiwa na mzigo. Muuzaji akiridhia nitashusha sampo, asiporidhia tunaondoka. Na nitakachokiona kwenye pedeli nitakisema hapo hapo, mwenye gari akiwa anasikia.

Land Cruiser lile bado linafanya kazi Mangaka, linabeba saruji na korosho, na mwenye nalo hulileta kwangu kumwaga oili. Alhamisi iliyopita lilikuja. Dashibodi inasoma 587,312. Silinda hedi yake haijafunguliwa bado.