Frida Wawili

Picha hiyo niliikuta kwenye kalenda kuukuu, imebandikwa kwa selotepu juu ya cherehani ya shangazi. Wanawake wawili wa sura moja wamekaa kwenye benchi, wameshikana mikono. Mmoja kavaa gauni jeupe la lesi, kola hadi shingoni. Mwenzake blauzi ya buluu na sketi ya kijani. Mioyo yao iko nje, na mshipa mwembamba umetoka moyo huu ukaingia ule. Shangazi hakuwa na habari na mioyo. Alikuwa akitazama damu iliyodondokea lesi: "Doa hilo, mwanangu, halitoki hata kwa jiki."

Mimi niliona mapacha tu.

Sekondari nikasoma kwamba Frida Kahlo aliichora mwaka 1939, mwaka alioachana na Diego Rivera. Nilikuwa katika umri ule ambao kila kitu ni mapenzi, basi picha nzima ikawa talaka. Yule wa sketi ya kijani ameshika kipicha cha Diego akiwa mtoto, na mshipa unaanzia hapo. Wa lesi anajaribu kuuzuia kwa kibanio cha madaktari, lakini damu inapita, matone yanafika kwenye pindo na kuchanganyika na maua mekundu hadi hujui lipi ni ua. Hata nilipojua kuwa walioana tena mwaka 1940, sikujali. Huzuni ile ilinifaa.

Kilichokuja kuigeuza ni safari za likizo. Baba yangu Mchagga, mama Mdigo. Desemba, Rombo, niliitwa Mswahili. Tanga niliitwa mtu wa bara. Frida naye baba yake, Guillermo, alikuwa mpiga picha mzaliwa wa Ujerumani, na mama yake, Matilde, alichanganya damu ya Kihispania na ya wenyeji wa Mexico. Wengi husema wa lesi ni Ulaya, na huyu mwingine ndiye Frida wa kweli. Sikubaliani nao. Damu inayomwagika kwa mmoja imepitia moyo wa mwenzake. Utamwitaje mmoja wao bandia? Tena huyu ni mwanamke aliyezaliwa 1907 akapenda kusema ni 1910, ili azaliwe pamoja na Mapinduzi ya Mexico. Nafsi yake aliipanga mwenyewe.

Baadaye nikapata maelezo aliyoyaacha kwenye shajara yake. Chanzo cha picha, aliandika, ni rafiki wa kufikirika aliyekuwa naye akiwa na miaka kama sita, umri uleule polio ilipomkondesha mguu wa kulia. Alikuwa akipulizia pumzi kioo cha dirisha, anachora mlango kwa kidole, anapita kwenda kwa msichana mwenzake aliyecheka na kucheza bila uzito wowote, na Frida akimweleza siri zake. Tangu hapo natazama mikono iliyoshikana kuliko mioyo. Talaka ilikuja baadaye sana, ikawakuta hao wawili wanajuana.