Mkia wa fuko na taya la koyote

Kaka yangu mkubwa ana miaka tisa sasa akiishi jimbo la Utah, Marekani. Jumapili moja alinipigia simu akicheka peke yake kama mtu aliyeokota pochi barabarani. Mfanyakazi mwenzake, Mzungu mmoja mpenda bunduki, alikuwa amemchukua hadi milimani kuwinda koyote. Walimpiga mmoja. Kisha yule mwenzake akachomoa kisu, akaondoa ngozi ya utosini pamoja na masikio yote mawili, akatoa na taya la chini, akavitia vyote kwenye mfuko wa plastiki.

"Hii ni dola 50," akamwambia kaka. "Serikali italipa."

Kaka akaniuliza: "Ndugu yangu, jambo hili halikukumbushi kitu?"

Lilinikumbusha, tena sana. Nilikaa kimya hadi akadhani simu imekatika.

Mwaka wa 1999, nikiwa darasa la tano, fuko walivamia shamba letu kule Murang'a. Msomaji aliyelelewa mjini huenda hamjui fuko. Ni mnyama wa jamii ya panya, mnene, mwenye macho madogo, aishiye chini ya udongo. Hula kiazi kitamu kutokea chini huku majani yakibaki juu yamenawiri, yakikudanganya kwamba kuna chakula. Baba alipochoka akatangaza bei: kila mkia wa fuko, shilingi 5. Pesa zenyewe zilikuwa za maziwa.

Kaka ndiye aliyekuwa fundi wa mitego ya fito na kamba. Mimi nilikuwa wa kubeba jembe. Wiki ya kwanza tulileta mikia tisa, ya pili sita. Wiki ya tatu tukaanza kuona haya kurudi nyumbani mikono mitupu. Tulichofanya baadaye nitakueleza, lakini kwanza turudi Utah.

Koyote ni wa ukoo wa mbwa, mkubwa kidogo kuliko bweha wetu, mwenye uzani wa kati ya kilo 9 na 20 hivi. Hula panya, sungura, mizoga na hata matunda. Akipata nafasi, humla mwanakondoo au mtoto wa kulungu, na hayo mawili ndiyo makosa aliyoshtakiwa nayo tangu karne ya 19. Majimbo mengi ya Marekani yamewahi kumwekea bei kichwani. 

Utah iliongeza dau mwaka wa 2012, na cha kushangaza ni kwamba sheria iliyopitishwa haikutaja kondoo katika jina lake. Iliitwa sheria ya kuwalinda kulungu, wale wenye masikio makubwa kama ya punda. Kisa na maana ni kwamba kulungu hao ndio windo kubwa la raia wa kule. Sisi ambao uwindaji wa kujifurahisha ulipigwa marufuku nchini mwetu mwaka wa 1977 tunaweza kuguna, lakini Marekani mambo ya wanyamapori huendeshwa kwa sehemu kubwa na pesa za wawindaji. Hununua leseni na vibali, na tangu mwaka wa 1937 kuna sheria inayopeleka kodi ya bunduki na risasi kwa idara za wanyamapori za majimbo. Kwa hiyo mwindaji wa kulungu ni mteja, na mteja alikuwa akinung'unika kwamba kulungu wamepungua. Koyote akatolewa kafara. Mwaka wa kwanza, koyote zaidi ya 7,000 waliletwa kulipiwa. Piga hesabu mwenyewe: ni zaidi ya dola 350,000.

Je, kulungu waliongezeka? Hapo ndipo penye utata. Jimbo jirani la Idaho lilikuwa limefanya jaribio kubwa kati ya mwaka wa 1997 na 2003, koyote wakiondolewa katika baadhi ya maeneo na kuachwa katika mengine. Ilionekana kwamba koyote huwageukia watoto wa kulungu zaidi pale panya na sungura wanapoadimika. Lakini kuwaua koyote hakukuifanya idadi ya kulungu ipande ipasavyo. Majira ya baridi na hali ya malisho yalikuwa na usemi mkubwa kuliko risasi.

Isitoshe, koyote si mnyama wa kumalizwa hivi hivi. Ukivunja familia yake, majike wachanga huanza kuzaa mapema na watoto wengi zaidi huishi, kwa sababu walaji wamepungua. Nafasi iliyoachwa wazi huchukuliwa na kijana mzururaji kutoka mbali. Watafiti wa California walikadiria mwaka wa 1975 kwamba hata asilimia 70 wakiuawa kila mwaka, koyote wangeendelea kuwapo. Leo wamo katika kila jimbo la Marekani isipokuwa Hawaii, baada ya zaidi ya karne moja ya sumu, mitego na bunduki.

Tena kuna suala la wapi na lini. Kama nia ni kumwokoa mtoto wa kulungu, basi koyote wa kuuawa ni yule aliye karibu na mahali kulungu wanapozalia, muda mfupi kabla hawajazaa. Lakini mwindaji wa dola 50 hufuata wepesi. Huenda wakati wa baridi, ngozi ikiwa nzuri, na hupiga penye koyote wengi na gari linapofika.

Niliposikia hayo nilijikuna kichwa, kwani ndivyo hasa tulivyofanya. Fuko wa shamba letu walikuwa wamebaki wachache na wajanja. Basi mimi na kaka tukashuka bondeni, kando ya mto, ambako fuko walijaa na hawakumdhuru mtu yeyote, tukatega huko. Tuliruka hata ua wa jirani. Baba alihesabu mikia 47 kwa jumla, akalipa shilingi 235 bila kuuliza swali. Muhula ule dada yetu mdogo alikwenda shule na viatu vilivyotoboka. Utah angalau hudai mwindaji ajiandikishe na aeleze koyote ameuawa wapi, wasije watu wakavusha masikio kutoka majimbo jirani. Baba alituamini tu. Na viazi vyenyewe vilikauka mwaka uliofuata kwa ule ukame wa 2000, fuko au pasi na fuko.

Nilimwuliza kaka wawindaji wenyewe wanasemaje. Akasema wamegawanyika. Yule mwenzake anafurahi: angewinda koyote hata bila malipo, sasa analipiwa petroli. Naona hilo lenyewe ni doa, kulipa watu kwa jambo ambalo wengi wao wangelifanya bure. Mzee mmoja wa hapo kazini, mwindaji wa kulungu tangu utotoni, hapendi kabisa. Anasema babake alimfundisha kula alichokiua, na kwamba watu wakiona lori limejaa mizoga iliyokatwa masikio hawatauliza nani ni mwindaji na nani ni mchuuzi. Ana haki ya kuhofu. Mashindano ya kuua koyote kwa zawadi yamewaudhi watu wengi hata California ikapiga zawadi hizo marufuku mwaka wa 2014, na Vermont ikayakataza mashindano yenyewe mwaka wa 2018.

Kaka amealikwa tena mwezi ujao. Ataenda, anasema, kwa sababu milima ile asubuhi yenye theluji hupendeza na mwenzake ni mtu mwema, ila yeye pesa hatagusa. Kabla ya kukata simu akauliza: "Ulishamwambia Baba?"

Sijamwambia. Juzi nilipokwenda nyumbani nilimkuta amepiga magoti kati ya viazi, miaka 74, akifunga kamba kwenye fito. Fuko wamerudi. Nilimshikia jembe, tukazungumza habari za mvua. Lakini yeye hulisoma gazeti hili kila Jumapili akitoka kanisani, akianzia kurasa hizi.