Jiwe lisilo na Ctrl+Z

Nimekuwa kimya kwa wiki kadhaa na baadhi yenu mmeniandikia barua pepe mkiuliza kama nimeacha kublogu. Sijaacha. Nimekuwa nikizungusha mawe.

Najua inavyosikika. Jirani wa nyumba ya chini aliniuliza, kwa upole kabisa, kama siku hizi tunasaga mahindi usiku.

Kwa ambao hawajawahi kusikia: unaokota mawe madogo, unayatia kwenye mtungi pamoja na maji na unga wa msasa, unafunga kifuniko, kisha mtungi unazunguka polepole mchana na usiku. Mawe yanasuguana. Baada ya mwezi hivi unatoa mawe laini yanayong'aa kama yametoka mtoni sasa hivi, isipokuwa haya hayafifii yakikauka. Marekani na Uingereza mashine hizi zinauzwa tayari, hata za watoto. Mimi nilijitengenezea.

Mota ni ya waipa ya gari, niliinunua Grogan pale Nairobi baada ya kubishana bei nusu saa. Umeme wa volti 12 unatoka kwenye pawa saplai ya kompyuta iliyokufa. Mtungi ni kipande cha bomba la plastiki la inchi 4, ndani nimebandika mpira wa tyubu ili kelele ipungue (jirani hakubaliani nami kwamba imepungua). Mtungi unalala juu ya roli mbili, moja inaendeshwa na mota.

Kasi ndiyo iliyonifurahisha kama mwandishi wa programu, kwa sababu ina fomula. Ukizungusha mtungi haraka mno, mawe yanashikamana na ukuta na kuzunguka nao bila kuanguka, kama maji kwenye ndoo unayoizungusha juu ya kichwa. Kiwango hicho unakipata kwa kugawanya 42.3 kwa kipeuo cha pili cha kipenyo cha mtungi kwa mita. Mtungi wangu una kipenyo cha karibu mita 0.1, kwa hiyo mwisho ni kama mizunguko 134 kwa dakika. Unataka kuwa chini sana ya hapo, mawe yateleze mmoja juu ya mwenzake, yasiruke na kugongana. Wangu unakwenda 30.

Sasa, vitabu vinasema kila hatua iachwe siku saba. Siku saba za wapi? Kwetu Rongai stima inaweza kupotea saa sita mfululizo. Nikaamua kuhesabu mizunguko, si siku. Nilibandika sumaku kwenye mtungi, swichi ya sumaku pembeni, na Arduino ya kuhesabu. Mizunguko 30 kwa dakika ni 43,200 kwa siku, na 302,400 kwa wiki. Ikifika hapo, taa inawaka.

Programu yenyewe ni mistari thelathini, lakini nilifanya kosa ambalo ningemcheka mwanafunzi akilifanya. Stima ikipotea hesabu inapotea pia, kwa hiyo nikaandika hesabu kwenye kumbukumbu ya EEPROM kila mzunguko. EEPROM ya kichipu hicho imehakikishiwa kuandikwa mara 100,000 tu mahali pamoja. Fanyeni hesabu wenyewe: ningeimaliza kabla ya siku ya tatu kwisha. Sasa naandika kila baada ya mizunguko 1,000. Nikipoteza 999 si neno.

Hatua ni nne. Unaanza na unga wa silikoni kabaidi wa namba 60/90, ambao ni mkali na ndio unaolipa jiwe umbo. Kisha 120/220, kisha 500, halafu mwisho unga laini wa alumini oksidi wa kung'arishia. Kila unapobadilisha hatua unaosha kila kitu, mtungi, kifuniko, mawe, hadi kucha zako. Chembe moja ya hatua ya kwanza ikibaki, itachora mawe yote mwezi mzima uende bure. Na ule uji wa kijivu unaobaki usiumwage kwenye sinki. Unaganda kwenye bomba kama saruji. Mimi nauzika nyuma ya nyumba.

Kanuni nyingine ni usichanganye magumu na laini. Kwenye kipimo cha Mohs kwatzi ni 7. Gumegume la Magadi nalo liko karibu na hapo, na lina hadithi yake nzuri: lilianza kama madini laini ya sodiamu na silika yaliyojitenga kwenye maji ya ziwa, madini ambayo yalielezwa mwaka 1967 na kupewa jina la ziwa lenyewe, magadiiti. Ziwa la Magadi lina madini yenye jina lake duniani kote na sisi tunalijua kwa chumvi na flamingo tu. Jiwe la Kisii, lile la vinyago vya Tabaka, usilijaribu kabisa. Ni laini mno, utatoa uji mtupu.

Mzigo wangu wa kwanza wa gumegume na kwatzi uliingia ukiwa gramu 1,150 na kutoka gramu 840. Nilipima kila hatua nikaingiza kwenye jedwali, maana ndivyo nilivyo. Nilifurahi sana na yale mawe hata sikujiuliza zile gramu 310 zilikuwa nini.

Mzigo wa pili ulikuwa obsidiani.

Obsidiani ni kioo cha volkano, cheusi, na Bonde la Ufa kati ya Naivasha na Elmenteita limejaa. Ni laini kuliko kwatzi, kama 5 na nusu, na hupasuka kama chupa, kwa hiyo inazungushwa peke yake pamoja na chembe za plastiki za kuzuia kugongana. Tulikuwa tukitoka Nakuru, tukasimama kando ya barabara karibu na Gilgil mtoto ajisaidie, na hapo chini vipande vilikuwa vinametameta kila mahali. Nilijaza mfuko. Vikubwa na vinene viliingia mtungini wiki hiyo hiyo. Vipande viwili vyembamba vilibaki dirishani.

Wiki ya tatu binti yangu, ana miaka tisa, alikichukua kimoja akakipitisha kidole. “Baba, hii iko na meno.”

Kweli ilikuwa na meno. Ukingo mmoja tu, vijialama vidogo vilivyopangana sawasawa, kimoja baada ya kingine, na ukingo wa pili mtupu. Nimekaa na mashine miaka mingi na najua kitu kilichojirudia kwa bahati na kitu kilichorudiwa na mtu. Nilikwenda kwenye simu. Huwa napiga picha mawe yote kabla ya kuyaweka, ya kulinganisha. Nikakuza picha. Kimoja kati ya vile vilivyokuwa mtungini kilikuwa na meno hayo hayo, pande mbili.

Nilizima mota. Hesabu ilikuwa 788,000 na kitu tangu hatua ya kwanza. Nilichotoa ni yai jeusi, zuri, laini kote.

Jumamosi iliyofuata nilikwenda Kariandusi, karibu na Gilgil, ambako Louis Leakey alianza kuchimba mwishoni mwa miaka ya 1920 na kukuta mashoka ya mkono, mengine ya obsidiani, ya watu walioishi hapo muda mrefu mno kabla yetu. Leo ni makumbusho. Mzee mmoja aliyekuwa akiwatembeza wageni alipokea vile viwili vya dirishani. Kimoja alinirudishia mara moja: “Hiki labda ni lori.” Cha pili alikielekeza kwenye jua akanionyesha uvimbe mdogo pale kilipogongwa kutoka kwenye jiwe mama, na mawimbi yanayosambaa kutoka hapo. Mtu alikitengeneza. Cha lini? Hakutaka kukisia.

“Ulikitoa wapi?”

“Kando ya barabara, karibu na Gilgil.”

“Wapi, kijana wangu?”

Nilitoa simu kwa haraka kwa sababu picha zangu huhifadhi mahali zilipopigwa. Zilihifadhi vizuri sana. Zote zilipigwa juu ya meza yangu Rongai.

Alinieleza bila kukasirika kwamba sheria ya mwaka 2006 ya makumbusho na turathi inalinda vitu kama hivi, na kwamba jiwe likishatoka mahali pake, sehemu kubwa ya linachoweza kusema imebaki huko chini: udongo gani, kina gani, karibu na nini. Mimi hulalamika kila wiki kuhusu watu wanaoniletea data isiyo na tarehe wala chanzo. Aliandika kwenye daftari: Gilgil, kando ya barabara, mahali hapajulikani.

Kisha nikamwonyesha lile yai. Alilisugua kwa kidole gumba, akaligeuza mara mbili tatu.

“Linapendeza,” akasema, akanirudishia.

Lipo hapa mezani karibu na kibodi. Sijajua la kulifanyia. Mtungi unazunguka tena, mzigo wa gumegume la Magadi, na kila jiwe nimelipiga picha pale pale lilipokuwa limelala, kabla sijaligusa, likiwa na namba yake kwenye jedwali. Mawili yenye kingo nilizozitilia shaka niliyaacha huko huko. Ninapoandika hivi hesabu ni 211,000, na jirani ameshagonga dari mara moja.