Seva Juu ya Kabati

Nikisema nina seva nyumbani, watu huuliza ni mashine gani. Ni laptopu kuukuu yenye skrini iliyopasuka, inakaa juu ya kabati kwenye bedsita yangu huku Kahawa West. Ndani mna picha za familia, kazi zangu, na rekodi 31 za shosho akisimulia maisha yake, nilizozichukua kwa simu kabla hajatuacha. Hizo rekodi ndizo sababu ya yote. Mimi hulipwa kwa makala, na kuna miezi ambayo hakuna anayelipa. Sikutaka sauti ya shosho ikae mahali panapodai ada kila mwezi.

Kama nawe unawaza kuanza, usikimbilie kununua kitu. Laptopu ya zamani ina betri, na stima zetu mnazijua: zikipotea dakika kumi, seva haishtuki. Yangu hula kama wati 15. Piga hesabu ya saa 24 kwa siku 30, utapata karibu yuniti 11 kwa mwezi. Iweke mahali penye hewa na uikague betri. Ikianza kufura, itoe mara moja. Ruta nayo itafutie betri yake ndogo, la sivyo seva itakuwa macho lakini hakuna anayeweza kuifikia.

Kisha kuna suala la kuifikia ukiwa mbali. Kampuni nyingi za intaneti huwapa wateja wengi anwani moja ya nje, kama ploti nzima kutumia geti moja. Ingia kwenye ruta yako. Ukiona anwani ya nje inayoanzia 100.64 hadi 100.127, uko nyuma ya geti hilo, na kubadilisha mipangilio ya ruta hakutakusaidia. Tumia programu kama Tailscale, inayotengeneza njia ya faragha kati ya vifaa vyako tu. Dadangu mkubwa anafanya kazi Doha, na ndivyo anavyomsikiliza shosho kwa simu yake, bila seva kuanikwa mbele ya dunia nzima.

Kuhusu nakala, kanuni ni ya zamani na bado inafaa: nakala tatu, kwenye vifaa vya aina mbili, moja ikiwa nje ya nyumba. Diski mbili ndani ya mashine moja hazihesabiki, kwa sababu mwizi ni yule yule mmoja. Nakala yangu ya nje iko kwa mamangu Nyahururu. Na kila baada ya miezi mitatu nachagua rekodi moja, naitoa kwenye nakala, naisikiliza mpaka mwisho. Nakala ambayo hujawahi kuifungua ni matumaini tu.

Lakini swali gumu zaidi lilitoka Doha. "Na wewe ukigongwa na matatu," dada aliniuliza, "shosho ataenda wapi?"

Nilinyamaza. Stima ilikuwa na betri, diski ilikuwa na pacha wake, ila mimi sikuwa na wa kunishikia zamu. Nikaketi nikaandika karatasi moja, Kiswahili cha kawaida: diski iko wapi, nenosiri ni lipi, bonyeza nini. Kwenye diski ya Nyahururu nikapanga rekodi kama faili za kawaida za sauti, zenye majina yanayoeleweka, zinazofunguka kwenye kompyuta yoyote bila seva.

Kisha nikampelekea mama karatasi na laptopu ya kuazima, nikamwomba aifuate peke yake. Nikatoka nje. Baada ya kama nusu saa nikamsikia shosho dirishani, akicheka ile hadithi ya mbuzi wa chifu. Mama hakuniita. Niliporudi ndani, alikuwa ameongeza mstari kwa kalamu chini ya karatasi: "Waya ni ule mweusi mfupi, uko kwenye mkebe wa biskuti."